Cheti cha Kuhudhuria si Mtihani, Wandugu

Leo sitaandika sana kuhusu msimbo. Itakuwepo mistari minne tu, mtanivumilia. Leo nataka tuzungumze kuhusu biashara moja ambayo imetuingilia hapa Kakamega kama maji ya mvua yanavyoingia chini ya mlango, polepole, hadi unashtuka godoro limelowa. Nazungumzia biashara ya kozi za mtandaoni zinazodai kumtayarisha kijana kwa mtihani wa cheti cha uandishi wa programu.

Haupiti mwezi bila kijana kuniuliza. Wengine ni wanafunzi wa Masinde Muliro, wengine walimaliza kidato cha nne wakakosa karo ya kuendelea, wengine ni walimu wanaotaka kubadilisha kazi. Swali ni lile lile: "Mkubwa, ninunue kozi gani nipate cheti cha Java?" Hebu litazameni hilo swali. Haulizi mtihani unatahini nini. Haulizi nani anatahini. Anauliza anunue kozi gani. Matangazo yameshamfundisha kwamba kozi na cheti ni kitu kimoja, kama soda na chupa yake.

Si kitu kimoja. Na msimamo wangu nauweka mapema, ili asiyekubaliana nami aanze kukasirika mapema: mtihani wa cheti una thamani yake, lakini kozi nyingi zinazouzwa kwa jina la kukutayarisha zinakula pesa ambazo zingelipia mtihani wenyewe, halafu zinakupa karatasi ya kukufanya udhani safari imekwisha.

Wakenya tunaijua tofauti hii vizuri kuliko tunavyokiri. Ukienda semina ya siku tatu hotelini, ukanywa chai ya saa nne, ukala wali kwa kuku, siku ya mwisho unapewa cheti cha kuhudhuria. Hakuna anayekuuliza umejifunza nini. Karatasi inasema ulikuwepo, basi. Halafu kuna cheti cha KCSE. KNEC haijali kama ulisoma Kakamega School au ulijisomea nyumbani ukafanya mtihani kama mtahiniwa wa kibinafsi. Inataka ujibu maswali mbele ya msimamizi, na karatasi yako isahihishwe na mtu asiyekujua. Anayefundisha siye anayetahini. Ndiyo maana hata mtu asiyekupenda hawezi kuibishia ile karatasi.

Sasa chukua kile cheti unachopewa na tovuti kama Udemy ukimaliza kozi. Udemy wenyewe, kwa uungwana wao, wanaeleza kwamba wao si taasisi iliyoidhinishwa na kwamba cheti chao hakiwezi kutumika kama sifa rasmi. Shida ni kwamba maelezo hayo hayamo kwenye tangazo. Kila somo lina kisanduku cha kutia alama kwamba umelimaliza. Ukitia alama kila mahali, umemaliza, hata kama video zilikuwa zikijichezesha zenyewe wewe uko jikoni ukichemsha maharagwe. Mwalimu, muuzaji na "mtahini" ni mtu mmoja, na huyo mtu anataka umpe nyota tano. Je, atakufelisha?

Na hapo ni kwa anayefika mwisho. Mwaka 2019 Justin Reich na José Ruipérez-Valiente wa MIT walichapisha katika jarida la Science hesabu za kozi za MIT na Harvard zilizowekwa kwenye edX kuanzia 2012 hadi 2018. Katika mwaka wa masomo wa 2017-18, kati ya washiriki wote, waliomaliza walikuwa asilimia 3.13. Waliotoa pesa kwa ajili ya cheti walifanya vizuri zaidi, asilimia 46. Mtu ataniambia, unaona sasa, ukilipa unamaliza! Lakini isome tena: zaidi ya nusu ya waliolipa hawakumaliza. Na hizo ni kozi za Harvard na MIT, zenye mazoezi yanayosahihishwa na tarehe za mwisho. Si zile za jamaa aliyejirekodi chumbani.

Kama bado unadhani mtu anayeuza kozi na mtu anayeuza mtihani wana nia moja na wewe, nikukumbushe historia kidogo. Oracle iliinunua Sun, kampuni iliyoizaa Java, na ununuzi ukakamilika Januari 2010. Mwaka 2011 Oracle ikaweka sharti kwamba kwa baadhi ya vyeti vya Java, ukiwemo ule wa msanifu, kufaulu mtihani hakutoshi, lazima pia uhudhurie kozi yao ya kulipia. Mtu aliyekuwa ameandika Java miaka kumi akaambiwa akakae darasani kwanza, alipe, ndipo cheti kitoke. Kilio kilikuwa kikubwa. Pale kozi haikuwa njia ya kuelekea kwenye maarifa, ilikuwa kizuizi cha barabarani na askari akinyoosha mkono.

Sasa niwape kisa. Mwaka jana ofisi moja ndogo, ambayo sitaitaja, iliniomba nisaidie kuwahoji waombaji wa kazi ya kutunza programu ya karo. Akaja kijana mmoja msafi, mwenye adabu, na faili la plastiki lenye vyeti 11. Java, Python, JavaScript, hifadhidata, vyote vimechapishwa kwa rangi. Nikampa orodha ya malipo kwenye tarakilishi, safu tatu, jina na kiasi na nambari ya risiti, nikamwambia: andika programu inioneshe risiti iliyoingizwa mara mbili. Lugha yoyote utakayo. Nusu saa.

Kijana aliweza kunieleza urithi wa klasi ni nini. Alinieleza vizuri, kwa maneno ya mwalimu wa video, hata lafudhi ilibadilika kidogo! Lakini dakika kumi zilipita na ukurasa ni mweupe. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, unaweza kunionyesha mfano kwanza?"

Jamani, yule kijana si mjinga. Sikubali mtu aniambie ni mjinga. Alikuwa ametazama saa nyingi sana za mtu mwingine akiandika msimbo ambao hauna kosa hata moja, kwa sababu makosa yalikatwa kabla ya video kupandishwa. Ni sawa na kutazama Kakamega Homeboyz pale Bukhungu kila Jumapili: unatoka uwanjani ukijua makosa yote ya beki wa kushoto, lakini mguu wako haujagusa mpira. Aliuziwa kutazama, akaambiwa ni kujitayarisha.

Basi mtihani halisi unataka nini? Ile mistari minne niliyoahidi ni hii:

Integer a = 127, b = 127;
Integer c = 128, d = 128;
System.out.println(a == b);
System.out.println(c == d);

Usiendeshe kwanza. Tabiri. Mtu wa video atasema true na true, kwani 127 ni sawa na 127 na 128 ni sawa na 128, hata mtoto wa darasa la pili anajua. Programu inasema true, halafu false.

Sababu ni kwamba hapo hatulinganishi namba, tunalinganisha vitu. Integer yenye herufi kubwa ni kitu kinachobeba namba, na alama ya == inauliza kama hivi viwili ni kitu kile kile kimoja kwenye kumbukumbu. Java huweka tayari vitu vya namba kuanzia -128 hadi 127 na kuvitumia tena na tena, kwa hivyo a na b vinaelekea kwenye kitu kimoja. Ukipita 127, kwa kawaida kila mmoja anapata kitu chake. Maelezo yote yamo kwenye vipimo rasmi vya lugha, ambavyo viko wazi mtandaoni bila malipo, na dawa yake ni kutumia equals.

Wengi husema maswali kama haya ni mitego isiyo na maana kazini. Hapana! Fikiria programu ya karo. Mwandishi anaijaribu kwa shilingi 50 na shilingi 100, salio linalingana, anafurahi, anaenda nyumbani. Jumatatu bursa anaingiza karo yenyewe, 15,000 kwa 15,000, na programu inasema hazilingani. Mzazi amelipa yote na mtoto anarudishwa nyumbani. Swali la mtihani lilikuwa linakuuliza kuhusu yule mtoto.

Ndiyo maana nasema mtihani una thamani. Ule wa Java SE 17, nambari 1Z0-829, uliwekwa maswali 50 kwa dakika 90, kufaulu asilimia 68. Hesabu: sekunde 108 kwa swali, na mengi ni ya aina hiyo, soma msimbo useme utatoa nini, au ni mstari gani kompaila itaukataa. Hakuna video itakayokuingizia hicho kipaji cha kusoma msimbo wa mtu mwingine kwa macho makavu. Kinaingia kwa kuandika programu ndogo ndogo mia mbili, kutabiri, kukosea, na kujiuliza kwa nini.

Wapo wanaojua haya na wakaamua kupita njia ya panya. Kuna tovuti zinazouza maswali yaliyoibwa kutoka kwenye mtihani wenyewe, pamoja na majibu. Hapa kwetu tuna neno zuri kwa kitu hicho: mwakenya. (Vijana wa siku hizi hawajui kwamba miaka ya 1980 Mwakenya lilikuwa jina la harakati za siri za kupinga serikali, na watu walifungwa kwa ajili yake. Karatasi ndogo iliyofichwa isionekane, ndipo wanafunzi wakachukua neno. Haya, turudi.) Mwakenya wa mtandaoni una ubaya wa ziada. Majibu mengi mle ndani si sahihi, kwa sababu aliyeiba maswali hakuyajua majibu, amebahatisha. Na ukikamatwa, kampuni inakufutia cheti na kukufungia mitihani mingine. Unalipa pesa ili ufundishwe makosa na mwizi.

Sasa pesa. Hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa.

Bei ya kawaida ya mtihani mmoja wa Oracle ni dola 245. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hiyo ni shilingi 31,605. Linganisheni: kabla ya mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo kuanza mwaka 2023, mwanafunzi aliyefadhiliwa na serikali alilipa ada ya masomo shilingi 16,000 kwa mwaka. Kwa hiyo dakika 90 za mtihani ni karibu miaka miwili ya ada ya chuo kikuu. Na bei hiyo haitulii. Januari 2024, dola ilipofika takriban shilingi 160, mtihani ule ule, maswali yale yale, ulikuwa shilingi 39,200. Hakuna kilichoongezeka kwenye mtihani. Shilingi yetu ndiyo iliyoteleza.

Nyumba nyingi za Lurambi na Shinyalu haziwezi kushika kiasi hicho kwa mkupuo isipokuwa ng'ombe auzwe. Kwa hivyo kijana anafanya nini? Ananunua kozi, kwa sababu kozi ni shilingi elfu moja na mia tano, imekatwa bei kutoka elfu kumi na tano, na kuna saa kwenye tovuti inahesabu: zimebaki saa 5! (Rudi wiki ijayo, utaikuta saa imebaki na masaa matano yale yale.) Ananunua ya kwanza. Mwezi ujao ya pili, maana ya kwanza ilikuwa "ya msingi." Kisha ya maandalizi. Kisha ya mbinu za kujibu. Ongeza bando: saa moja ya video inakula megabaiti mamia, na kozi ya saa arobaini itakumalizia gigabaiti kumi na zaidi. Baada ya mwaka ameshatumia pesa za mtihani mzima kwa vipande vidogo vidogo, na mtihani hajaukaribia. Ana vyeti vinne vya kuhudhuria.

Upande wa pili, nyaraka zote za Python kwa maandishi matupu ni faili la megabaiti chache. Chache! Unalipakua ukiwa saiba, unalibeba kwenye simu hadi kijijini, unasoma bila mtandao miezi sita. Nyaraka za Java zilizofungwa pamoja hazifiki megabaiti 100. Tulio na mvi kidogo tunakumbuka kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kufika pwani yetu mwaka 2009. Video ya nani ingefunguka wakati ule? Mtu aliyetaka mtihani wa Sun alijitayarisha kwa kitabu alichonakilishiwa na nyaraka alizobeba kwenye diski, na tarakilishi ya kugawana. Sisemi zamani zile zilikuwa nzuri, zilikuwa shida tupu. Nasema vitu vilivyomtayarisha mtu wakati ule bado vipo, ni vya bure, na ni vyepesi kuliko kozi ya video.

Na kuna jambo ambalo hakuna kozi niliyowahi kuona inalitaja, kwa sababu waliozitengeneza hawaishi hapa. Mitihani mingi siku hizi unaweza kuifanyia nyumbani, msimamizi akikutazama kwa kamera. Wanasema ni urahisi. Pearson VUE, kwa mfano, hutaka upige picha chumba chako pande zote nne, mtu yeyote asiingie, usitoke mbele ya kamera, mtandao usikatike. Haya, njoo Sichirayi. Chumba kimoja cha kukodi, ukuta mmoja na jirani mwenye redio. Saa tisa alasiri, kama ilivyo desturi ya Kakamega, ngurumo inaanza, mvua inapiga mabati kama isukuti, na stima inapotea. Nenda umweleze msimamizi aliye bara jingine kwamba hizo ni kelele za mvua. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Aliyekuwa katikati ya mtihani usiku ule alikuwa ameshalipa dola zake. Kwa hiyo anayejitayarisha hapa kwetu anahitaji kujitayarisha pia kwa chumba, betri, na mtihani wa asubuhi kabla mawingu hayajakusanyika. Hilo ndilo somo la kwanza, na halimo kwenye video yoyote.

Mnajua ni nani mwingine anayependa kozi kuliko mtihani? Wafadhili. Julai 2017 Sundar Pichai wa Google alisimama Lagos akaahidi kuwafunza Waafrika milioni 10 ujuzi wa kidijitali katika miaka mitano, na waandishi wa programu 100,000. Mwaka 2020 Google, pamoja na Pluralsight na Andela, wakatangaza nafasi 30,000 za mafunzo ya Android na ya kompyuta za wingu kwa Waafrika. Katika hao, 1,000 bora ndio waliotengewa udhamini kamili wa kufika kwenye cheti chenyewe. Mmoja kati ya thelathini. Wale 29,000 walipewa video. Sina ubaya na waliozitengeneza, na najua watu walionufaika, lakini tazama kipi kilitolewa kwa wingi na kipi kilitolewa kwa kijiko. Kozi ukishairekodi, kumpa mtu wa elfu thelathini hakukugharimu kitu. Mtihani unagharimu kila mtu mmoja mmoja, na mwisho wake unatoa idadi ya waliofeli, ambayo haipendezi kwenye ripoti.

Andela wenyewe ni funzo. Walianza Lagos 2014, wakafungua Nairobi 2015, na vijana wao walikuwa wakilipwa huku wakijifunza kazini, jambo ambalo ni bora kuliko video mara kumi. Hata hivyo Septemba 2019 waliwaachisha takriban vijana 400 Nigeria, Kenya na Uganda, wakieleza kwamba soko lilitaka wenye uzoefu zaidi. Ikiwa aliyefunzwa kwa mikono yake kwa miezi mingi aliambiwa uzoefu hautoshi, ile karatasi ya rangi kutoka kwenye printa ya saiba itaambiwa nini?

Najua majibu mtakayonipa. La kwanza: bila kozi nitaanzia wapi, mimi sijui hata herufi ya kwanza? Ni swali la haki. Anza na kozi, ndiyo, ila moja, ya bure, na yenye mazoezi yanayokukatalia ukikosea. CS50 ya Harvard inayofundishwa na David Malan ni ya bure, na mazoezi yake yatakutoa jasho. Cisco Networking Academy wana Python Essentials, sehemu mbili, bure, na ukiifaulu vizuri ile ya pili wanakupa punguzo la nusu kwa mtihani wa PCAP wa Python Institute, ambao bei yake ni dola 295. Umeona hapo? Kozi ya bure inayokupunguzia bei ya mtihani! Ni kinyume kabisa cha ile biashara nyingine. Na aliye mchanga kabisa kuna PCEP, dola 59, maswali 30 kwa dakika 40. Kwa shilingi 129 ni 7,611. Hiyo angalau kijana anaweza kuichanga.

La pili: waajiri wa huku hawaulizi cheti cha Oracle, kwa nini nihangaike? Kweli, SACCO na shule nyingi za hapa zitakuuliza kama unaweza kuunganisha mfumo wao na M-Pesa, na Safaricom walifungua Daraja tangu 2017, mazingira ya majaribio ni bure, nenda ukajifunze ujumbe wa malipo ukifika mara mbili unafanya nini. Kama shida yako ni kazi ya mji huu, Daraja itakulisha mapema kuliko Java SE 17. Lakini zipo zabuni zinazotaka vyeti vya wataalamu, na ipo kazi ya mbali ambapo asiye na digrii anahitaji kitu kinachoshuhudiwa na mtu baki. Kwa huyo mtihani una maana. Jihadhari tu na kinachozeeka: Microsoft walivistaafisha vyeti vyao vya MCSD Januari 2021, na mitihani yao ya wanaoanza, ile ya MTA, wakaifunga Juni 2022. Kozi za kuitayarishia hazikufutwa zote siku hiyo hiyo, nawahakikishia.

Kwa hiyo kijana akiniuliza sasa, namwambia hivi. Pakua orodha ya mada za mtihani kutoka kwa mwenye mtihani. Iko bure na ndiyo mtaala wenyewe. Weka JDK ya OpenJDK, bure. Tangu Java 9 kuna jshell, unaandika mstari mmoja unaona jibu papo hapo. Kwa kila mada andika programu ndogo ishirini, na kabla ya kuendesha, andika utabiri wako kwa kalamu kwenye daftari. Kwa kalamu, ili usijidanganye. Tafuta mwenzako mmoja, mbadilishane programu, kila mmoja amtegee mwingine. Pesa ya kozi usiitumie. Iweke kwenye kibubu cha mtihani. Kitu pekee ninachokubali ulipie ni mtihani wa majaribio kutoka kwa watu wenye sifa, unaoeleza kwa nini jibu ni hilo. Ukipata asilimia 80 mara tatu mfululizo, panga tarehe.

Na kwenu mnaoshika bajeti za vijana, wa kaunti, wa mashirika, wa vyuo: acheni kutununulia video. Masinde Muliro ni chuo kikuu kamili tangu 2007, kina vyumba. Mjini kuna maktaba ya umma. Tengeni chumba kimoja kimya, kisichovuja, chenye betri na mtandao wa nyaya mbili tofauti. Wekeni mtihani wa majaribio ulio wazi kwa yeyote, mwenye digrii na asiye nayo, na ishirini bora wa kila mwaka muwalipie mtihani halisi. Watu 20 kwa shilingi 31,605 ni shilingi 632,100. Nimeona mahema na viti vya sherehe za kukabidhi vyeti vya kuhudhuria, na nina hakika hayakukodiwa bure. Mwishoni mwa mwaka mtangaze waliofaulu na waliofeli pia, namba zote mbili.

Orodha ya mada za 1Z0-829 ninayo imeshachapishwa, nakala kadhaa. Anayepita Sichirayi aje aichukue, na aje na daftari.